Boga wa Mbwa

Nilikuwa nikimwona Boga anakuja, navuka barabara. Nasema kweli. Tulikua pamoja hapa Ukunda, tukasoma chuo kimoja cha Kurani, lakini mwaka wa hamsini na tatu alikwenda Diani akaajiriwa na mzee mmoja wa Kizungu kulea mbwa, na tangu hapo harufu ya mbwa haikumtoka. Tukamwita Boga wa Mbwa.

Na mbwa mwenyewe! Si hawa koko wetu wa majaani. Alikuwa mkubwa kama ndama, ngozi imemzidi mwili, uso makunyanzi matupu, masikio yanaburura mchanga. Na udenda, astaghfirullahi, udenda mzito uliomning'inia pande zote mbili za mdomo. Akitikisa kichwa, unaruka hadi ukutani. Mzungu alimwita Jaji kwa ule uso wake wa huzuni. Siku moja Boga alinieleza, wala sikumwuliza, kwamba ukoo wa mbwa wale ulilelewa zama za kale na watawa wa Ulaya, wakawatumia kufuata kulungu, na baadaye hata watu, kwa kunusa tu.

"Watu wa dini gani hao wanaofuga mbwa?" nikamwuliza, nikatema mate.

Boga alicheka. Kila asubuhi aliyapangusa masikio ya Jaji kwa kitambaa, maana yakiachwa na unyevu huoza. Akamfuta uchafu katika makunyanzi, akamtoa kupe, akampikia sima kwa mifupa ya ng'ombe. Alisema mnyama yule ni mpole kupita kiasi, ila akishaanza kunusa huwa kiziwi, umwite usimwite. Jioni Boga alijiosha mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka, ndipo akaja msikitini. Alikuwa msafi kuliko wengi wetu. Hata hivyo nilimwonea kinyaa.

Mwaka wa hamsini na sita mamangu, Mwanapili, alipotea. Alikwishakuwa mzee wa kusahau. Alitoka baada ya alasiri kuokota ukwaju, asirudi. Tulimtafuta kwa mienge mpaka tukachoka. Asubuhi Boga akatokea na Jaji kwenye kamba. Hakuna aliyemwita.

"Asalaam aleikum. Matano, ndugu yangu, nipe nguo aliyolalia mama. Isiyofuliwa."

Nguo aliyolalia mamangu, itiwe pua la mbwa! Niliingia chumbani, nikaiona kanga yake juu ya kitanda, nikaipita. Nikafungua kasha nikatoa nyingine, safi, aliyoifua na kuikunja mke wangu Esha. Nikajiambia nguo ni nguo. Nikamrushia Boga.

Jaji aliizamisha pua ndani ya kanga, akavuta pumzi kwa kishindo cha makamasi. Kisha akageuka, akaenda moja kwa moja hadi kwa Esha, akaketi mbele yake. Udenda ukamchirizika Esha vidoleni, akapiga yowe.

"Ondoka na uchafu wako!" nilimwambia Boga. "Huyo ndiye wa kumtafuta mamangu?"

Boga alimtazama mbwa, akaitazama kanga, akaondoka. Sisi tukarudi msituni upande wa pwani, tukaita mpaka sauti zikakauka. Jua likapanda.

Adhuhuri ilipopita Boga alirudi. Hakusema nami. Alimwuliza Esha, "Dada, ile kanga aliifua nani?"

"Mimi. Juzi."

Esha akanigeukia, akanitazama mpaka nikainamisha macho. Kisha akaingia ndani, akatoka na kanga ya kitandani, akampa Boga kwa mikono miwili.

Safari hii Jaji hakumwangalia mtu. Alituburuta upande wa bara, masikio yakifagia majani, hadi penye shimo la mawe lisilo na kivuli. Mama alikuwa chini, mguu umevunjika, midomo imepasuka kwa kiu. Boga alishuka, akamnywesha maji kidogo kidogo, akamkinga jua kwa shati lake. Mimi nilisimama juu tu. Nilijichukia, kinyaa kilinijaa, na hakikuwa cha mbwa.

Mama aliishi siku mbili. Daktari tuliyemleta kutoka Msambweni alisema ni jua la mchana lililommaliza. Usiku angeuhimili.

Siku ya pili Boga alikuja kumjulia hali. Alimfunga Jaji mbali, kwenye mnazi, akaketi kizingitini. Mama akafumbua macho, akanishika mkono.

"Mwanangu, jua lilinichoma sana. Mbona mlichelewa?"

Nilitazama kizingitini. Boga alikuwa akinitazama.

"Mbwa yule, mama," nikasema. "Alipotea njia."

Boga alinyanyuka, akamuaga mama kwa adabu, akaenda kumfungua Jaji.