Njia ya Kumkwepa Baba Mkwe

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, vitu vingi tulivyokuwa tukivisikia tu vilianza kufika Kyela: mitumba, sabuni za kunukia kutoka ng'ambo ya mto Songwe, na hatimaye farasi watatu. Waliletwa na mzungu aliyefungua nyumba ya wageni ufukweni Matema. Watu walitembea kutoka Ipinda kuja kuwatazama. Mama mmoja, baada ya kuwakagua kwa muda mrefu, aliuliza wanakamuliwa saa ngapi.

Mimi nilikuwa mpishi pale. Kwa kuwa nilifika kidato cha nne na Kiingereza changu kilikuwa hakijafa kabisa, mzungu alinifundisha kupanda farasi, akanituma nitafute njia yenye mandhari nzuri ya kuwatembezea wageni. Nilianguka mara saba. Mara ya nane nilikaa, nikajiona mkuu wa wilaya. Niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, na sioni haya kusema. Jikoni nilinuka vitunguu na niliona sufuria. Juu ya farasi niliona ziwa lote, milima, na mapaa ya watu walionidharau.

Tatizo lilikuwa baba mkwe. Kwetu Wanyakyusa, mke haonani na baba wa mumewe. Akimsikia anakuja, anaacha njia, anajificha migombani au anainama na kujifunika kanga mpaka apite. Hamsemeshi, na jina lake halitaji. Wengi walishalegeza mambo hayo, lakini si mzee wetu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na aliamini Mungu na mila walishakaa kikao wakakubaliana. Katika miaka sita ya ndoa nilikijua kikohozi chake kuliko uso wake. Mume wangu alinipa sharti moja tu.

"Siku baba akikukuta huko juu, tena na suruali, kazi imekwisha. Unarudi jikoni."

Hakuwa akitania. Kwa hiyo njia niliitafuta nikiwa na swali moja kichwani: mzee yuko wapi? Shamba lake la kakao lilikuwa katikati ya kila kitu, basi tukalizunguka. Kanisa tukalikwepa. Siku za soko alipita barabara kuu, basi tukavuka kijito mara mbili ili tusiiguse barabara. Safari ya saa moja ikawa ya saa tatu. Wageni walifurahi mno. Walisema aliyeibuni njia ile ana jicho la uzuri, na mzungu akaichora kwenye karatasi, mikunjo yake yote, akaibandika ukutani. Sifa nilizipokea zote.

Asubuhi moja nilikuwa na mgeni na mkewe nyuma yangu, kila mmoja na farasi wake, tukipita juu ya tuta jembamba katikati ya majaruba ya mpunga. Nikasikia kikohozi. Mzee alikuwa mbele yetu, hatua kama ishirini, mkungu wa ndizi kichwani. Hakuwahi kupita pale hata siku moja.

Kurudi nyuma haikuwezekana. Niliruka, nikatua kwenye tope mpaka magotini, nikachuchumaa ubavuni mwa farasi ili anifiche. Kanga sikuwa nayo. Nikavua kofia nikafunika uso. Mpango ulikuwa mzuri, ila farasi hakushirikishwa. Alinusa ndizi, akaenda zake taratibu mpaka kwa mzee, akaniacha mimi peupe, nimechuchumaa kwenye mpunga kama chura. Mzee alishanipa mgongo. Farasi akaanza kula ndizi zikiwa bado kichwani. Mzee akautua mkungu, akasimama. Nyuma yangu nilisikia kamera ikilia. Kazi yangu ndiyo imekwisha, nilijiambia, na machozi yakaanza kunitoka ndani ya kofia.

Mila inaruhusu ujumbe kupitia kwa mtu wa tatu. Wageni wangu hawakujua hata neno moja la lugha yetu. Mzee akakohoa, akamgeukia aliyekuwepo.

"Wewe mnyama," alisema, "mwambie huyo aliyekuleta kwamba tangu masika napita vichakani nisikutane naye. Nimechana suruali mbili. Leo nimesema nipite majarubani, huku watu wenye akili hawaji."

Farasi aliendelea kutafuna.

"Mwambie Jumanne na Ijumaa apitishe watu wake katikati ya kakao yangu. Njia ni pana na kuna kivuli. Siku hizo mimi nitakaa nyumbani. Na mwambie nilimwona kwa mbali kabla sijageuka. Amekaa vizuri huko juu."

Yule mama wa kizungu aliniuliza mzee anamwambia nini farasi. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza baba mkwe kunielekezea tangu niolewe, na nililia bila kujizuia. Kisha nikamwambia farasi, kwa sauti ya kumfikia mhusika, "Mwambie ndaga fijo, tata. Mwambie nashukuru sana."

Bila kugeuka, mzee akamwuliza farasi kama yule binti yake kule kwenye tope alikuwa amekunywa chai.