Aliyeitika Badala Yangu

Wapo watakaosema niliota, na wapo watakaosema uzee umenipanda kichwani. Waache. Mimi sikuota, na siku ile sikuwa mzee. Nilikuwa kijana wa chuo, macho makali, akili timamu, nimekula posho, yaani ugali, na maharage kama wenzangu wote. Na lililonipata lilinipata mchana, jua linawaka juu ya mabati ya kiwanda. Kwa hiyo kaa vizuri unisome, halafu uamue mwenyewe.

Nilikuwa nasomea umeme katika chuo kimoja pale Kyambogo. Kabla ya mwaka wa mwisho, kila mwanafunzi alipelekwa kwenye kampuni fulani akafanye kazi mwaka mzima, ayashike kwa mikono yale aliyoyaona ubaoni. Mwaka huo tuliungoja kama watoto wanavyoingoja Idi. Mimi nikapangiwa kiwanda cha sabuni na mafuta ya kula, kwenye eneo la viwanda, upande wa barabara iendayo Port Bell. Kutoka kwetu Kibuli, nikivuka reli tu, nimefika.

Nikuambie na kwetu ni watu gani. Babu wa babu yangu alitoka pwani na misafara ya biashara, akaoa huku, akazikwa huku. Ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili, Kiganda tukakiacha kwa ajili ya barabarani. Baba alikwisha kufariki. Tulibaki mimi, mama, na mjomba wangu, mwalimu wa madrasa, aliyekaa chumba cha uani.

Siku ya kwanza nilivaa tai. Mama alinizunguka kama anayetazama kochi jipya. Tai yenyewe haikudumu. Msimamizi wangu aliniamuru niivue isije ikanaswa na mkanda wa mashine ikanipeleka ahera na shingo yangu. Msimamizi huyo alikuwa fundi mkuu wa umeme, mtu wa makamo, mwingi wa utani. Alikuwa baba wa mapacha, na kwa desturi ya Waganda mtu kama huyo huitwa Ssalongo, basi sote tulimwita hivyo. Alinipa ovaroli ya buluu, akaniambia, "Hii ndiyo digrii yako ya kwanza."

Kama uliishi Kampala miaka ile, unakumbuka sabuni ilivyokuwa lulu. Wahindi walikuwa wamefukuzwa nchini, wenye viwanda wameondoka pamoja na mafundi wao, na viwanda vimegawiwa watu wa jeshi. Chetu alipewa Meja mmoja. Sasa kwa mwanafunzi, niseme kweli, upungufu ule wa mafundi ulikuwa neema. Kazi ambazo wenzangu wa miaka ya nyuma walizitazama kwa mbali, mimi nilizifanya. Nilifungua mota zilizoungua, nikazisuka upya waya wake, nikaziwasha. Niamini, hakuna raha kama kusikia mota uliyoisuka mwenyewe inazunguka. Wiki ikiisha tuligawiwa vipande vya sabuni vilivyovunjika, na nikivuka reli navyo kurudi Kibuli, majirani walinisalimu kama chifu wa gombolola, mkubwa wa tarafa nzima.

Halafu siku moja boila ikazima. Boila ndiyo roho ya kiwanda cha sabuni. Bila mvuke wake hakuna kinachochemka. Meja akaja na gari lake, akatukusanya uani.

"Nani anaharibu kiwanda yangu?" akauliza. "Adui iko hapa ndani. Mimi nataka kumujua."

Watu wakatazama viatu vyao. Sasa mimi, mtoto wa chuo, nilifundishwa nini? Ukiulizwa swali na jibu unalo, unanyoosha mkono. Nikanyoosha mkono.

"Afande, mashine ni nzima. Dizeli ndiyo imekwisha. Malori ya jeshi huja kuichota."

Ssalongo alinikanyaga mguu, lakini neno lilikwisha kutoka. Meja alinitazama, akatabasamu. Afadhali angenitukana.

"Wewe studenti," akasema, "wewe iko na akili mingi sana." Akaingia garini, akaondoka.

Ssalongo alinivuta pembeni. "Mwana wange, kesho usije. Nenda Jinja, nenda popote."

"Nisipokuja, chuo kitanifelisha mwaka."

Unasikia hayo? Watu wanapotea mjini kama chumvi kwenye maji, na mimi naogopa kufelishwa. Kesho yake nikaja.

Baada ya chakula cha mchana nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha stima, yaani cha umeme, nyuma ya boila. Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja, na ukutani, karibu na sakafu, tundu zenye vibao vya chuma za kupitishia hewa, zinazotazama uani. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mlango ule ule, nafuta vumbi kwenye swichi kubwa. Nikasikia mtu anapumua nyuma yangu. Kumbuka, mlango uko mbele yangu na hakuna aliyenipita.

Nikageuka. Kijana amesimama kwenye kivuli, amevaa ovaroli ya buluu. Nikadhani ni mwanafunzi mwingine ameletwa. Kisha akainua uso.

Ulikuwa uso wangu.

Usiniambie habari za kioo. Kwenye kioo kulia kwako ni kushoto. Mimi nina kovu la moto juu ya nyusi ya kulia tangu utotoni, na lake lilikuwa pale pale, upande wake wa kulia. Kwa mara ya kwanza nilijiona kama watu wengine wanavyoniona. Nikataka kusoma Ayatul Kursi niliyoihifadhi tangu mtoto, haikuja hata herufi.

"Wanakuja kukuita," akasema. Sauti ni yangu, na Kiswahili ni kile chetu cha nyumbani. "Usiitike. Nitaitika mimi."

"Wewe ni nani?"

"Kaa chini."

Sikuamua kukaa. Miguu ilijikunja yenyewe.

Nje nikasikia gari linaingia uani, milango inafunguliwa. Nikachungulia kwenye vibao vya chuma. Vijana wenye mashati ya maua na miwani myeusi. Walioishi wakati ule waliwajua: watu wa usalama, wakimchukua mtu harudi. Mmoja akapaza sauti:

"Studenti ya stima! Kuja hapa mbio!"

Hapa ndipo malezi mema yalipotaka kuniua. Mtoto wa kwetu akiitwa, anaitika, hafikiri. Kinywa changu kilifunguka, wallahi kilifunguka, na kabla pumzi haijatoka nikasikia kutoka upande wa pili wa chumba:

"Naam!"

Nilihisi neno lile likinitoka shingoni kama jino linalong'olewa bila maumivu. Yule akanipita. Pindo la ovaroli yake liligusa goti langu, baridi kama ubavu wa mtungi. Akatoka juani.

Kila mtu alimwona. Akina mama wa kufunga sabuni walimwona, askari wa getini alimwona, na Ssalongo alisimama katikati ya uani amevua kofia. Wakampiga kibao, hakuyumba. Wakafungua buti ya gari. Akaingia mwenyewe, akakunja magoti kama mtu anayepanda kitandani kulala. Buti ikafungwa, gari likashika njia ya Port Bell.

Mimi nilibaki nimekaa sakafuni hadi sauti zote za uani zilipokwisha. Nilipotoka, kazi ilikuwa imefungwa na watu wamekwenda. Ssalongo peke yake alikuwa amekaa juu ya pipa tupu, analia. Aliponiona hakupiga kelele. Alinyanyuka, akanipapasa uso kwa mikono miwili, kama kipofu.

"Ggwe ani?" akauliza. Wewe ni nani?

"Ni mimi, Ssalongo."

"Basi yule ni nani?"

Alivua koti lake, akanifunika kichwani, akanipitisha kwenye uzio uliobomoka, tukafuata reli mpaka Kibuli.

Nyumbani kilio kilikwisha kuanza. Mmoja wa akina mama wa kiwandani alikuwa ameleta habari. Tuliingia kwa uani, kwa mjomba. Mjomba alinisomea huku amenishika mkono, akanitazama mboni, akaniambia nitamke shahada, akaridhika kwamba mimi ni nyama na damu. Ndipo akaenda kumwita mama.

Mama hakuzimia. Alinipiga kofi, akanikumbatia, akaninusa shingoni kama anavyonuswa mtoto mchanga. Kisha akaninong'oneza sikioni, "Nyamaza. Huko mbele wanakulilia. Waache walie." Akajifuta uso, akarudi kwenye mkeka, akalia kuwashinda wote. Alikuwa ametambua kabla yetu sote kwamba aliyekwisha kufa hatafutwi tena.

Nikajificha chumba cha mjomba, natoka usiku tu kunyoosha miguu. Ijumaa moja, watu wamerudi kutoka msikitini, mlango wa mbele ukagongwa. Nilikuwa nimepenya sebuleni kumsalimu mama. Nikarukia nyuma ya pazia la chumba chake. Mjomba akafungua. Kutoka nyuma ya pazia nikaliona shati la maua.

Alikuwa ndiye aliyeniita uani siku ile. Miwani hana, ndevu zimeota ovyo, macho mekundu. Akakaa chini bila kukaribishwa.

"Mama," akasema, "mimi nilikuwa kwa ile gari iliyochukua mutoto yako."

Kati yangu na mtu yule palikuwa na kitambaa kimoja cha maua, nacho kikitikiswa na upepo. Niliuma mkono wa shati langu nisisikike nikihema.

"Hatukumuua, mama. Haki ya Mungu, hatukumuua. Tumefika kule karibu na ziwa, tumefungua buti, mutu hakuna. Ovaroli peke yake, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Wakubwa tumewaambia amekwisha. Tungesema nini? Na sasa, mama, nikilala namusikia anaitika. Naam, naam. Hakuna mutu amemwita." Akaanza kulia. "Mwambie mwalimu aniombee."

Nilidhani mama atamtemea mate. Alimtazama usoni. Mwisho akasema, "Kaka, msomee maji anywe."

Mjomba akasoma kwenye kikombe, yule bwana akanywa yote, akabusu mkono wa mjomba, akaenda zake. Nyayo zake zilipokwisha kusikika, mama akaanza kutetemeka mabega. Nikatoka mbio nyuma ya pazia nikidhani analia. Kumbe anacheka! Amejaza mtandio mdomoni, machozi yanamtiririka, anacheka. "Wamesema amekwisha!" akasema. "Wenyewe wamewaambia wakubwa wao!" Mjomba naye akashindwa kujizuia, nami nikafuata, tukaanguka sakafuni sote tukicheka kimya kimya kama wendawazimu, ndani ya nyumba ya matanga. Umewahi kusikia utamu wa kuambiwa kwamba serikali haikutafuti, kwa sababu imeridhika kuwa umekufa? Sijaonja asali iliyoushinda.

Mfanyabiashara mmoja Mkongo, jirani yetu, alinitoa kwa lori lake la samaki wakavu hadi Busia, nami nikavuka mpaka kuingia Kenya kwa jina la binamu yangu. Ndugu zetu wa Mombasa wakanipokea. Nilimalizia masomo huko, nikapata na kampuni nyingine ya kunifundisha kazi, ambako nilifanya mwaka mzima bila kunyoosha mkono hata mara moja.

Nilirudi Kampala wanajeshi wale walipoanguka. Mama nilimkuta, mjomba nilimkuta, na Ssalongo alinikumbatia akaniinua miguu hewani, mtu wa umri wake. Kila mmoja ana lake kuhusu yule aliyekuja. Ssalongo alishikilia kuwa ni mzimu wa ardhi ile ya kiwanda. Mama, mpaka anaingia kaburini, alisema ni jini la wazee wetu lililotufuata kutoka pwani. Mjomba alisema Mwenyezi Mungu akikuokoa usimwulize ametumia chombo gani. Mimi sikumbishia hata mmoja.

Lakini sikutoka mzima kabisa, nisikufiche. Neno lile la "naam" alilolichukua hajalirudisha. Kuliandika naweza, kama unavyoona, ila kulitamka siwezi. Mtu akiniita nisipomwona, koo linafunga, si kwa Kiswahili, si kwa Kiganda, sitoi hata mguno. Mke wangu tulipooana alidhani ni jeuri. Watoto wakaufanya mchezo, wananiita kutoka chumba hiki na kile, nami nakwenda kila mahali kuonyesha uso wangu. Nakwenda kwa furaha. Kila asubuhi najipapasa lile kovu la nyusi, nasema alhamdulillah, najua niliyeamka ni mimi.

Basi nawe usiwe mwepesi wa kuitika. Ukisikia jina lako na aliyekuita humwoni, funga kinywa, toa kichwa kwanza, umtazame ni nani na amekuja na nani. Na ikitokea mwingine ameitika kabla yako, kwa sauti yako mwenyewe, usimfuate na usimzuie. Kaa chini, umwache aende.