Dady na Mpinzani Wake Radi

Hakuna tope la njia ya Kabambare lisilomjua Dady, motard wetu wa Kasongo, mbeba abiria kwa pikipiki. Lakini kwenye mchezo wa video wa mbio, kibandani kwa Mama Olga, Radi, dereva wa ndani ya mchezo mwenye gari la kuruka bila magurudumu, alimshinda kila mara. Jumapili moja Dady akaapa mbele ya motard wenzake: "Leo nikishindwa, muniite abiria!"

Mbio zikaanza. Walipokaribia mwisho, Radi akagonga ukuta, akapinduka. Dady akafunga breki.

"Pita, weye!" wenzake wakapiga kelele.

"Nipite, na mutu iko chini? Ni motard gani anapita mwenzake ameanguka?"

Radi akajiinua, akaruka, akashinda.

"Hata asante hajasema!" Dady akanung'unika.

"Abiria," Mama Olga akamwambia, "shuka, mwingine apande."