Fereti Wawili na Pua ya Mama

Mwanangu alipopata kazi Salalah alituachia fereti wake wawili, dume na jike, kwa sababu nyumba aliyopanga na wenzake haikuruhusu wanyama. Fereti ni mnyama mrefu, mwembamba, jamaa wa kicheche, mwenye uso wa mtoto mtundu. Aliviweka vizimba viwili kwenye chumba chake cha zamani, kimoja huku na kimoja kule, ili wasizaane. Akanifundisha kwamba kiyoyozi kisizimwe hata saa moja, maana joto la Maskati linawaua upesi. Harufu hakuitaja.

Aliyeitaja ni mama yangu, ambaye ninaishi naye hapa Ghubra. Mama alikuwa mkunga tangu Unguja hadi huku Omani, na kustaafu hakukumwondolea tabia ya kumkagua kila anayeingia mlangoni.

"Nnasikia harufu ya kicheche," alisema siku ya pili. "Ndani ya nyumba yangu, wallahi."

Mwanzoni ilivumilika. Ilipoingia Machi, dume alibadilika. Manyoya yake yalijaa mafuta na kugeuka manjano, akawa anakojoa pembeni mwa kizimba na kujipaka. Harufu ilitoka chumbani, ikapita ukumbini, ikaingia mpaka kwenye kanga za mama zilizokunjwa kabatini. Alifika mahali pa kufua upya kanga ya kuswalia kabla hata hajaivaa. Nilifukiza udi, tukapata harufu mbili badala ya moja. Nikaanza kumwogesha dume kwa shampuu ya watoto, kila baada ya siku mbili. Alinikwaruza mikono, akatetemeka ndani ya taulo, na kesho yake alinuka kuliko jana.

Nilimpigia mwanangu simu.

"Mama, walitakiwa wahasiwe," alisema, sauti imempungua. "Wote wawili. Nilikuwa naahirisha."

Nilikasirika, lakini hata mimi nikaahirisha, nikisema nitakwenda wiki ijayo nikimaliza kazi za ofisini.

Alasiri moja nilirudi nikamkuta mama ameketi sakafuni kwenye chumba cha fereti, upindo wa kanga umefunika pua, jike amelala mapajani pake. Miezi yote ile sikuwahi kumwona akimshika mmoja wao.

"Huyu amevimba huku nyuma tangu lini?"

Sikujua. Nilikuwa nimeshughulika na anayenuka, nikamsahau asiyenuka.

"Chakula cha jana kipo vile vile. Nimemsikia kimya, nikaingia kumtazama." Akamfunua mdomo kwa kidole gumba, kama nilivyomwona akifunua kope za waja wazito nilipokuwa mdogo. "Tazama ufizi huu. Mweupe. Nnakwambia, huyu hana damu. Mpeleke leo."

Tulikwenda wote, mama, mimi na fereti wawili, mpaka kliniki ya wanyama iliyoko Madinat Sultan Qaboos. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, aliyezungumza nasi Kiarabu. Alimpima jike damu, kisha akatueleza taratibu. Jike wa fereti akishataka dume na asimpate, mwili wake hauachi kungoja. Homoni zinabaki juu wiki baada ya wiki, mpaka zinaiharibu mifupa ishindwe kutengeneza damu.

"Wengi wanaletwa tumeshachelewa," alisema. "Wa kwenu damu imepungua, lakini bado tuna nafasi. Nani aligundua?"

Nilimwonyesha mama. Mama aliirekebisha shela yake.

Jike alichomwa sindano ya kumtuliza homoni, tukaambiwa tumrudishe baada ya wiki mbili atolewe kizazi. Dume naye angehasiwa siku hiyo hiyo ya upasuaji. Nilipouliza kuhusu harufu, daktari alitaka kujua nimemwogesha mara ngapi, na nilipomjibu alicheka. Kumbe ukimwosha sana ngozi inakauka, inatoa mafuta zaidi, na hayo mafuta ndiyo yanayonuka. Mara moja kwa miezi miwili inatosha. Cha kufua ni matandiko yao, kila wiki.

Tulipokaribia nyumbani, mama alinigeukia ndani ya gari.

"Maisha yangu yote nimezalisha. Leo nnamkatisha mnyama uzazi."

"Unaona vibaya?"

"Nnaona vibaya zaidi kumwacha afe akingoja."

Wiki mbili hizo mama alimlisha jike mwenyewe, supu ya kuku iliyosagwa, tone kwa tone kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Alimpima ufizi asubuhi na jioni, akaniripotia kama zamu ya wodi. Siku ya upasuaji alikataa kubaki nyumbani. Tulikaa kwenye viti vya plastiki kutwa nzima, yeye akivuta tasbihi, mimi nikijifanya nasoma simu. Daktari alipotoka akitabasamu, mama alimuuliza jambo moja tu, kwamba ametoka damu kiasi gani. Kidogo sana, akajibiwa.

Dume harufu yake ilishuka polepole, kwa muda wa mwezi mzima hivi. Haikuisha yote, na daktari hakutuahidi hivyo. Imebaki harufu nyepesi, kama ya ngozi ya kiatu kipya, ambayo mgeni haitambui mpaka amkumbatie mnyama mwenyewe. Sasa wanaishi kizimba kimoja, wamejikunja pamoja, huwezi kujua mkia huu ni wa nani.

Ijumaa asubuhi ndiyo siku ya kufua matandiko yao. Mama hamruhusu mtu mwingine. Juzi dada yake alipiga simu kutoka Sib, akamuuliza yuko wapi, mbona anahema. Nilimsikia akijibu kutoka juu ya paa, vibanio vya nguo mdomoni:

"Nnaanika mashuka ya wagonjwa wangu. Nikimaliza nitakupigia."