Kola ya Zanino

Ippolito mshonaji hakujua kutulia. Mkewe alisema hata usingizini vidole vyake vilishona shuka. Bologna nzima ilimjua kwa vidole hivyo: akisali vinatunga uzi, akila vinapima kitambaa cha meza.

Chama chake cha kanisani kiliwafariji waliohukumiwa kunyongwa, na zamu yake ya kwanza ya kushika kibao ilimwangukia asubuhi moja ya baridi, mwezi wa Novemba. Kibao kilikuwa na mpini, na juu yake alichorwa Maria amempakata mwanawe aliyekufa, macho mekundu, pua imevimba kwa kilio, kama mama yeyote wa mtaani. Sheria ilikuwa moja: kishikwe karibu na uso wa anayekufa, asione kitanzi wala watu, aione picha tu.

"Ukikishusha, umeipoteza roho yake," Mzee Marsilio, mkuu wa chama, alimwonya. "Na hiyo mikono itulie, fundi."

Itulie wapi! Alipanda ngazi za jukwaa ndani ya joho lililomfunika hadi uso, na kibao kikacheza mbele ya Zanino, mfua chuma aliyemuua mwenzake kwa kisu kwenye kamari.

"Fundi Ippolito, usijifiche," Zanino alinong'ona. "Mikono ya kuwashwawashwa hivi unayo peke yako mji huu."

"Tazama picha, mwanangu."

"Nimeitazama. Mama wa watu, namhurumia. Wangu yuko pale chini, kajifunga kitambaa cha manjano. Sogeza kidogo."

"Siruhusiwi."

"Huyo wako kaachiwa mwanawe ampakate kabisa. Mimi naomba kutazama tu."

Kama machozi ya kwenye rangi ni ya kweli, Ippolito aliwaza, basi na ya mwenye kitambaa cha manjano ni ya kweli. Aliogopa sana, maana akikosea, roho ya mtu ingepotea mikononi mwake. Akakishusha kibao.

Dorotea, mama yake Zanino, hakuwa akilia. Alikuwa akijigusa shingoni, akiashiria tena na tena, kwa hasira kidogo.

"Anasemaje?" Ippolito aliuliza.

"Nifunge kola. Eti nitapata mafua." Zanino akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Mikono yake ilikuwa imefungwa nyuma.

Ippolito alibana kibao kwapani, akamfunga kifungo. Vidole havikutetemeka hata kidogo. Kule chini Dorotea akaitikia kwa kichwa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Mnyongaji akaguna. "Unaniongezea kazi, fundi. Hicho kifungo lazima nikifungue, kitanzi kikae."

Ippolito akainua kibao tena. Safari hii hakukiweka mbele ya macho ya Zanino, bali mbele ya shingo yake, picha ikielekea kwa watu, na akakishika hapo mpaka alipoamriwa ashuke.

Jumapili iliyofuata chama kilimvua joho mbele ya wanachama wote. Vidole vilikuwa vimeanza tena kusokota pindo la shati.

"Kibao ni cha macho ya anayekufa," alisema Mzee Marsilio. "Wewe ulikuwa unamziba nani?"

"Mama yake," alijibu Ippolito. "Nilitaka arudi nyumbani akijua kola imefungwa."