Mahindi ya Mbwa

Kwa miaka sita nimelipwa mshahara ili nisiyaamini magunia. Kiwanda chetu kiko Tunduma, nyuma ya yadi ambako malori husubiri zamu ya kuvuka kwenda Zambia, na kazi yetu ni kutengeneza chakula cha mbwa. Nikisema kiwanda usifikirie mabomba na moshi. Ni banda moja la mabati lenye mashine ya kusaga, sufuria kubwa la kupikia, mashine ya kukamua unga uliopikwa kuwa vidonge, na sakafu ya saruji ya kuvianikia.

Mwenye kiwanda ni mzee wa Kiislamu aliyehamia huku kutoka Kondoa akiwa na mashine ya kukoboa mahindi. Wenye yadi na maghala walikuwa wakija kwake kuchukua pumba za kuwapikia mbwa wao wa ulinzi, mwisho akaona ni heri awapikie mwenyewe. Mbwa hamgusi, kwa dini yake, na watu sokoni walimtania sana kwa hilo. Jibu lake lilikuwa lilelile kila mara: "Kumgusa simgusi. Lakini nikimlisha uchafu, hilo nitaulizwa."

Mimi ndiye mpokeaji wa malighafi. Kila kinachoingia getini kinapita mikononi mwangu kwanza, na nimejifunza kwamba karibu kila anayeleta mzigo ana jambo analificha. Dagaa nawamwaga kwenye beseni la maji, nakoroga, kisha natazama mchanga unaotua chini. Siku moja nilipata mchanga wa kutosha kupiga plasta ukuta. Mifupa ya kusaga naidondoshea ndimu. Ikichemka kwa nguvu kama soda, basi kuna mtu kaongezea chokaa. Mashudu ya alizeti nayavunja na kuyasugua kwenye kiganja nione kama hakuna maranda ya mbao. Mafuta nayanusa, maana wapo wanaokusanya mafuta yaliyokaangiwa chipsi wiki nzima wakatuletea kwenye madumu mapya.

Hata vyakula vya wenzetu navipeleleza. Nimewahi kununua mfuko wenye picha ya mbwa wa kizungu anayecheka, umeandikwa nyama mwanzo kabisa wa orodha. Nilipoloweka vidonge vyake vikawa uji wa pumba, wala mafuta hayakuelea. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imebandikwa juu ya tarehe nyingine. Niliibandua kwa ukucha, nikakuta ya chini ilikuwa imepita zamani.

Ila ninachokiogopa kuliko vyote ni mahindi. Mchanga utauona na chokaa itachemka, lakini sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haina rangi wala harufu ya kwake. Unachoona ni ukungu tu, na hata ukungu ukipukutika sumu inabaki ndani. Moto wa jikoni hauiondoi. Mbwa ni dhaifu mno mbele ya sumu hiyo; ini lake linaharibika kabla mwenyewe hajajua kuna tatizo. Ndiyo maana kila gunia la mahindi nalichoma bambo, kile chuma chenye mfereji kinachotoa punje toka ndani bila kufungua gunia, na nalichoma juu, katikati na chini. Kisha najaza punje kwenye kopo, naandika tarehe na jina la aliyeleta, naweka rafuni.

Mwaka juzi, mvua zilikuwa zimechelewa kukatika na mahindi yakakutwa na maji shambani. Asubuhi moja aliingia mama mmoja mjane mwenye yadi ya kuhifadhia mizigo kule Mpemba. Alikuja na bajaji, amepakata mfuko wetu uliobaki nusu. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Mnaweka nini humu?"

Nilimwuliza kuna shida gani.

"Nilikuwa na mbwa wawili. Walianza kwa kukataa kula, nikadhani wanadeka. Wakatapika. Mmoja amekufa jana, na huyu wa pili macho yamekuwa ya njano kama binzari. Bwana mifugo amekuja, ameuliza anakula nini. Nimemwonyesha mfuko huu. Sasa nakuuliza wewe."

Mzee alitoka ofisini akiwa bado na tasbihi mkononi. Alimpa pole, akamwahidi kulipia matibabu. Mama alipoondoka, mzee aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yadi za Mpemba zina wezi wanaowategeshea mbwa nyama yenye sumu. Nilitaka sana kukubaliana naye. Lakini macho ya njano hayaji kwa sumu ya usiku mmoja.

Shaka yangu ilimwangukia muuza dagaa. Yule aliyenipatia mchanga wa plasta ndiye huyohuyo, na tulikuwa tumegombana mara nyingi. Nilimwambia mzee, "Mimi naona ni dagaa. Labda waliloa wakaoza, akawaanika upya." Mzee akachukua simu palepale, akamwambia yule bwana asilete mzigo wake wa wiki hiyo mpaka tutakapomwita. Nilisikia sauti ya muuza dagaa ikiuliza kosa lake, na mzee akamjibu kwamba tunachunguza.

Nilishusha makopo yote ya mwezi ule. Kopo la dagaa wake lilikuwa safi. Walikuwa wakavu, wana harufu ya dagaa na si zaidi. Mashudu yalikuwa mazuri. Mafuta hayakuwa na neno. Nilipofika kwenye mahindi nikahesabu mizigo kwenye daftari la mapokezi, nikakuta kuna mzigo mmoja ambao hauna kopo.

Ulikuwa mzigo wa mdogo wangu wa kiume.

Nilikumbuka vizuri siku ile. Alikuja na Fuso kutoka kwetu Iyula, akashuka na mkungu wa ndizi na salamu za mama. Tulisimama kivulini tukaongea habari za nyumbani, kahawa ilivyotoa maua, binamu yetu aliyehamia Itumba. Wapakuzi waliponiuliza kama wapitishe bambo, niliwajibu, "Haya ni ya nyumbani. Shusheni."

Yalikuwa yamebaki magunia matatu stoo. Niliingia peke yangu, nikafunga mlango. Juu bambo lilitoa punje nyeupe, ngumu, za kupendeza. Katikati zilikuwa zimefifia. Nilipochoma chini, punje zilitoka na vumbi la kijivu, zimeshikana, na kiini chake ni cha kijani kilichopauka. Nilichoma la pili na la tatu, yakawa vilevile. Mtu alikuwa amepanga mabovu chini, mazuri juu, na ile ndiyo mbinu ya kwanza kabisa ninayowafundisha wapakuzi wetu kuitazamia.

Niliketi juu ya gunia. Nataka niseme kwamba nilikwenda moja kwa moja kwa mzee, lakini sikwenda. Nilirudi mezani kwangu, nikafanya kazi hadi jioni, na kesho yake pia. Kwa siku mbili muuza dagaa alibeba kosa lisilo lake, nami nikawa nasikiliza watu wakimsema. Alipita mnunuzi wetu wa upande wa Zambia, akanisalimia kwa "mulishani" yake kama kawaida, akauliza kama mzigo wake uko tayari. Mfuko mmoja ulikuwa tayari begani kwake. Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza. Nilimwomba aushushe, nikaenda kugonga mlango wa ofisi.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Juzi, mzee."

"Juzi." Alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Na leo mbwa wangapi wamekula?"

Hakunifukuza, wala hakunigombeza. Alituma bodaboda kwa kila mteja aliyechukua mfuko wa mchanganyiko ule, wairudishe yote, na sampuli ikapelekwa maabara Mbeya. Alasiri tulikwenda wawili Mpemba. Mzee alisimama nje ya geti kwa sababu ya mbwa aliyekuwa amelala barazani na dripu mguuni, akamwambia yule mama toka palepale kwamba kosa ni letu. Mama alinitazama mimi.

"Wewe si ndiye unayekagua?"

"Ndiyo, mama."

"Hiki hukukikagua?"

"Sikukikagua."

Aliitikia kwa kichwa tu, akarudi kukaa karibu na mbwa wake.

Jumamosi nilikwenda Iyula. Mdogo wangu alikuwa uani anatengeneza baiskeli. Alinikaribisha kwa furaha, na ile furaha yenyewe ikanitia mashaka. Nikaanza kumpima kama ninavyopima wauzaji getini. Sikungoja chai. Nilimwambia mbwa amekufa na mwingine ni mgonjwa, na kwamba nimeyachoma bambo magunia yake mpaka chini.

Aliendelea kukaza nati. "Dada, si wewe uliyesema?"

"Nilisema nini?"

"Kwenye simu. Nilikuambia mvua imetuharibia, ukasema leta hata yasiyo ya daraja la kwanza, ni ya mbwa."

Nilitaka kumwita mwongo. Nilipotafuta kwenye kumbukumbu zangu niliikuta ile simu, nikaikuta na sauti yangu ikicheka. Kama nilitamka maneno hayohayo au yanayofanana nayo, mpaka leo sina uhakika.

"Yasiyo ya daraja la kwanza siyo yaliyooza," nilimwambia. "Na kama ulidhani nimekuruhusu, mbona uliyaficha chini?"

Aliweka spana chini, akafuta mikono kwa kitambaa. Baadaye kidogo akasema, "Mbwa, dada. Umekuja kunigombeza kwa ajili ya mbwa."

Ndipo lilinijia swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. "Uliniletea magunia kumi na tano. Mabovu mengine yaliyobaki hapa yako wapi?"

Alimtazama mama, aliyekuwa ametoka jikoni kusikiliza. Mama yangu ni mtu wa kanisa na hatupi punje. Alitulea sote kwa kuchambua hadi ya mwisho. Alisema kwa utulivu, "Yamo ndani. Nimekoboa debe moja, nimeosha vizuri, nimeloweka. Kesho kutwa nilitaka kupikia togwa la watoto wa hapa jirani."

Niliingia, nikaona ndoo mbili za mahindi yaliyolowekwa, na maji yake yana utando. Pembeni kulikuwa na gunia limefunguliwa na sahani ya pumba za kuku. Nilimweleza mama taratibu, kwamba kuosha hakuondoi na kupika hakuondoi, kwamba pumba ndizo zinazobeba sumu nyingi zaidi, na kwamba kilichomwingia mbwa wa Mpemba kinaweza kumwingia mjukuu wake, ila kwa mtoto kinakwenda polepole na huwezi kukitambua.

"Sisi tumekula haya miaka yote," mama alisema.

"Najua."

"Na baba yenu alikufa na tumbo lililovimba." Alisema hivyo bila kuninyooshea kidole wala kumnyooshea mdogo wangu. Mimi sikusema kwamba ilikuwa ni hiyo, kwa kuwa sijui, na hakuna wa kujua sasa. Alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na jembe.

Tulichimba shimo mama na mimi, nje kabisa ya banda la kuku. Mdogo wangu alisimama mlangoni, mikono kifuani. Tulimwaga ndoo zote mbili, gunia lote na pumba zote, tukafukia. Nilipopita kuaga, aliniambia nimemdhalilisha mbele ya mama. Nilimjibu kwamba na mimi nimejidhalilisha mbele ya bosi wangu. Hakucheka.

Majibu ya Mbeya yalirudi kama nilivyotegemea: sumukuvu ilikuwa juu mno ya kiwango kinachoruhusiwa. Mzee aliyachoma moto magunia yale matatu pamoja na vidonge vyote vilivyorudishwa. Mbwa wa pili alipona, ingawa alibaki mwembamba, na yule mama hakununua tena kwetu. Nasikia siku hizi anawapikia mwenyewe ugali na matumbo ya ng'ombe, na simlaumu.

Kwa muuza dagaa nilikwenda mwenyewe, pale sokoni kwenye meza yake. Nilimwambia ni mimi niliyempaka tope, na kwamba dagaa wake walikuwa safi. Alinisikiliza huku anapima mzigo wa mteja. "Siku zote nilijua huniamini," alisema. "Nikadhani basi angalau huamini mtu yeyote." Alirudi kutuletea mzigo baada ya miezi miwili, na beseni la maji hulisogeza mwenyewe kabla sijamwambia.

Mdogo wangu hakunipigia simu msimu mzima wa kahawa. Mama alinieleza kwamba amenunua turubai la kuanikia, nikafurahi. Mwezi wa saba mwaka jana, mahindi mapya yalipokauka, nilimpigia mimi. Nilimwambia kiwanda kitayapokea mahindi yake, ila nitayachoma bambo kama ya mtu mwingine yeyote.

"Nimeshayauza," alisema.

"Yote? Kwa nani?"

"Kwa watu wa unga."

"Wa wapi?"

Alisema mtandao unasumbua. Nilipopiga tena simu ilikuwa imezimwa. Wiki ile, nilipokwenda dukani kununua unga wa nyumbani kwangu, nilisimama mbele ya rafu kwa muda mrefu, nikigeuza mfuko mmoja baada ya mwingine, natafuta ulikosagwa.