Ubashiri wa Sita wa Ansbert

Ansbert, fundi simu wa Mbezi Luis, hakuwahi kushika raketi maishani mwake, wala hakujua kwa nini pointi za tenisi zinaruka kutoka kumi na tano hadi thelathini. Hayo hayakumzuia kuitwa nabii. Aliichagua tenisi kwa sababu moja tu: haina sare. Wachezaji wawili, mmoja lazima afungwe.

Basi akaokota namba mia na ishirini na nane kutoka kwenye simu za wateja, tabia ambayo asingependa hata mkewe aisikie. Nusu akawatumia ujumbe kwamba mchezaji wa kutoka Ucheki atashinda, nusu akawaambia ni mpinzani wake. Mechi ilipokwisha, waliopata ubashiri wa uongo akaachana nao, waliobaki akawagawa tena nusu kwa nusu. Ikaja mechi ya pili, ya tatu, mpaka ya tano. Wakabaki watu wanne ambao hawakuwahi kumwona akikosea. Hao ndio wa kuuziwa ubashiri wa sita, wa fainali ya Jumapili. Ujanja wa sungura huo, na Ansbert aliuonea fahari kweli kweli.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Nikodemu akasimama mbele ya kibanda, amekumbatia mkoba. Ndiye aliyemfundisha Ansbert hesabu kule Madale, sasa amestaafu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Kumbe nabii wa tenisi ni wewe! Jana nataka kulipia ubashiri kwa simu, jina likatokea: Ansbert Kasimiri. Nikasema, huyu si mtoto wangu huyu?"

Ansbert akacheka kidogo, cheko la mtu anayesikia harufu ya moto asione moshi.

"Mara tano hujakosea," Mwalimu akaendelea. "Zote nimeziandika kwenye daftari. Nipe ya fainali hapa hapa. Hela ninayo. Kile kiwanja cha Chanika nimekiuza jana."

Bisibisi ikamdondoka Ansbert. Kiwanja hicho alikijua. Mwalimu na mkewe walijinyima miaka kumi na moja kukinunua, ili wazeeke kwao, si kwenye chumba cha kupanga.

"Mwalimu, usibeti. Mie sijui chochote."

"Mwenye kipaji hajisifu," Mwalimu akatabasamu. "Nitajie jina tu."

Ikabidi Ansbert aseme yote: namba za wateja, nusu ya kwanza, nusu ya pili. Hakuthubutu kuinua macho. Alipomaliza, Mwalimu hakugomba. Alitoa penseli mkobani, akageuza daftari, akaandika polepole: mia na ishirini na nane, sitini na nne, thelathini na mbili, kumi na sita, nane. Alipofika nne akapiga mistari miwili chini yake, kama alivyokuwa akifanya ubaoni.

"Sahihi," alisema. "Kugawanya kwa mbili ulikuwa unakosa kila siku. Nilikubakiza darasani wiki nzima mpaka ukaelewa."

Ansbert alitamani ardhi ipasuke.

"Si tumrudishie tu mnunuzi hela yake, Mwalimu? Hujaitumia."

"Hati ameshachukua. Leo analeta mafundi wa kuchimba msingi."

"Na mama anasemaje?"

Mwalimu alikaa kwenye benchi la wateja, taratibu, mkoba juu ya mapaja.

"Mama yako sijamwambia. Nilitaka nimwambie Jumapili, kwa furaha. Na leo kaondoka alfajiri na jembe. Kaenda kupalilia mihogo yake kule kiwanjani."

Simu ya Mwalimu ikaanza kuita. Kwenye kioo kilichopasuka, ambacho Ansbert mwenyewe aliahidi kukibadilisha bure, jina la mkewe lilisomeka: Mama Lusungu.

Mwalimu aliitazama ikiita. Kisha akamnyooshea fundi wake.

"Pokea wewe," alisema. "Anzia kwenye mia na ishirini na nane."